Mvua na Vyuo vya Nyota

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeupangia mwezi vituo vyake ili waja wapate kujua hisabu ya miaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tumeletewa maswali mawili katika darsa, na kwa kuwa yamekuja wakati mmoja twaonelea kuyajibu pamoja. La kwanza ni la ndugu mmoja mkulima wa upande wa Mtongwe. Yeye auliza: je, yafaa kumwendea mwalimu wa falaki ili amfungulie chuo amwambie siku ya kupanda, na kama mwaka utakuwa wa mvua au wa jua? La pili ni la kijana wa Miritini. Huyu aliambiwa msikitini na mtu mzima anayemheshimu ya kuwa kusikiliza habari za hali ya hewa katika redio na kuzitegemea ni kuwasadiki watu wanaojidai kuijua ghaibu, kwani mvua ni katika mambo matano ambayo funguo zake ziko kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Msomaji ataona ya kuwa maswali haya yaelekea pande mbili zisizokutana. Wa kwanza ataka kumsadiki asiyestahiki kusadikiwa, na wa pili amekatazwa kumsikiliza anayestahiki kusikilizwa. Lakini mzizi wao ni mmoja, nao ni kutopambanua baina ya elimu mbili ambazo tangu zamani zimefungwa ndani ya jalada moja. Katika chuo hicho hicho cha falaki utaona ukurasa wa miandamo ya mwezi, na vituo vyake ishirini na vinane, na siku za Nairuzi. Haya ni hisabu. Ukifungua ukurasa wa pili utaambiwa ya kuwa mwaka ukiingia siku fulani mvua itakuwa nyingi na mfalme atakufa, na ya kuwa mtu wa nyota ya Akrabu asisafiri Jumanne. Haya si hisabu wala si dini. Na kwa kuwa karatasi ni moja na wino ni mmoja, mtu huona kwamba kama ukurasa wa kwanza ni kweli, basi na wa pili ni kweli.

Na tuanze na ukurasa ulio mwema, kwani kuna jamaa zetu ambao wakisikia twawakataza unajimu hudhani twawakataza kutazama juu.

Wazee wetu wa pwani hii walikuwa na hisabu yao ya mwaka wa jua, mbali na mwaka wa Kiislamu wa mwezi. Mwaka huo huanza Nairuzi, au Siku ya Mwaka, nao hugawanywa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo thelathini na sita ni siku 360, na siku tano husalia mwishoni, zikawa 365. Mkulima akijua yuko mwongo gani, alijua kama kaskazi imekaribia kukatika, na kama masika yako mlangoni. Nahodha naye alijua siku ya kutia jahazi majini na siku ya kulipandisha pwani. Hisabu hii haikuwa ya Waswahili peke yao. Ndiyo waliyoitumia mabaharia wa bahari yote hii ya Hindi, toka Hormuz na Oman mpaka Kilwa na Sofala. Ahmad bin Majid, bingwa wa mabaharia katika karne ya kumi na tano, aliyeandika Kitabul-Fawaid na kutunga shairi refu juu ya njia ya Sofala, alizitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku za Nairuzi. Mtu wa kazi yake aliitwa muallimu, na katika lugha yetu amekuwa mwalimu. Ni ajabu ya kusikitisha ya kuwa jina hilo hilo sasa hupewa na mtu apigaye ramli chumbani, ambaye hajapata kuiongoza hata ngalawa.

Kazi ya Ibn Majid ilikuwa ni kupima urefu wa nyota kwa vidole juu ya upeo wa bahari, na kuijua pepo, na kuyakumbuka yaliyotokea mwaka hata mwaka. Akikosea, jahazi lilipanda mwamba, na kosa lake likaonekana na watu wote. Elimu ya namna hii Kurani yaisifu pale itajapo ya kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Na ndiyo elimu ya wale walioitwa muwakiti, walioajiriwa na misikiti mikubwa wahesabu nyakati za sala. Ibn Shatir, aliyekufa mwaka 1375, alikuwa muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya wa Dameski, na hisabu zake za mwendo wa mwezi na sayari zingali zatajwa kwa heshima na wanafalaki wa dunia nzima.

Vivyo hivyo mvuvi wetu wa Likoni ajua ya kuwa mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa bamvua, na baina ya hapo huwa maji mafu. Katika bamvua kubwa tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika bandari ya Kilindini huweza kukaribia mita 4. Mwezi waivuta bahari kweli, wala hakuna katika dini linalokataza kuyasema hayo. Hila ya mnajimu ni kuchukua kweli hii akaivutia mbali: kama mwezi waweza kuvuta bahari, asema, utashindwaje kuvuta riziki yako na ndoa yako? Jibu ni kwamba bamvua tumeiona, tumeipima, na kesho yake tutaipima tena. Ya riziki hakuna aliyeipima.

Sasa tuuingie huo ukurasa wa pili, na tumwombe msomaji achukue kalamu, kwani jambo hili hudhihirika kwa hisabu kuliko kwa makelele.

Mnajimu akitaka kukutolea nyota yako hakuulizi ulizaliwa lini. Hukuuliza jina lako na jina la mama yako, akazihesabu herufi kwa abjadi, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kisaliacho ndio buruji yako. Chukua mtu aitwaye Ali, mama yake Maryam. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Maryam ni 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Yote pamoja ni 400. Ukiondoa kumi na mbili mara thelathini na tatu, hubaki 4, na nyota ya nne ni Saratani. Basi kila Ali wa kila Maryam, awe amezaliwa Januari au Agosti, Kisauni au Maskati, ni mtu wa Saratani, na kazi yake ianze siku moja na wenzake wote. Jua halikuulizwa, wala mwezi, wala nyota yenyewe iliyotajwa! Huu hauwezi kuitwa unajimu hata kwa maana yake mbaya. Ni kujumlisha na kutoa, kisha mtu akatozwa fedha.

Na hisabu ya mvua ya mwaka ni kama hiyo. Vyuo vyasema mwaka huchukua tabia ya siku uliyoingia: wa Jumapili una yake, wa Jumatatu una yake, mpaka Jumamosi. Sasa angalia. Mwaka wa Nairuzi ni siku 365, nazo ni juma hamsini na mbili na siku moja. Kwa hivyo ikiwa mwaka huu umeingia Jumapili, ujao utaingia Jumatatu, na unaofuata Jumanne, bila kuruka. Kila baada ya miaka saba siku hurudi ilipokuwa. Lau kanuni hii ingekuwa kweli, mvua kubwa ingekuja kila mwaka wa saba kama zamu ya mlinzi, wala pasingekuwa na haja ya chuo.

Tuipime kwa miaka ambayo wenyewe twaikumbuka au tumesimuliwa na wazee wetu. Vuli zilizozidi mno katika Afrika ya Mashariki ni za 1961, 1997, 2006, 2019 na 2023. Kutoka 1961 mpaka 1997 ni miaka 36. Ukiondoa saba saba husalia mmoja. Kutoka 1997 mpaka 2006 ni tisa, husalia miwili. Kutoka 2006 mpaka 2019 ni kumi na mitatu, husalia sita. Kutoka 2019 mpaka 2023 ni minne. Mwenye subira na apange siku hizo kwa vidole. Ataona ya kuwa kwa hisabu ya Nairuzi miaka hiyo mitano imeingia kwa siku tano mbalimbali, wala hakuna miwili iliyoshirikiana siku. Na gharika zote zilikuja.

Tena liko jambo ambalo hata wenye vyuo wenyewe wengi hawalijui. Mwaka wa jua si siku 365 kamili. Huzidi karibu robo ya siku, na Nairuzi ya kale haiongezi siku moja kila mwaka wa nne kama ifanyavyo kalenda ya Kizungu. Kwa hivyo hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne, na katika miaka mia hurudi siku ishirini na nne au ishirini na tano. Katika zama za Ibn Majid Nairuzi ya mabaharia iliangukia katikati ya Novemba. Leo Siku ya Mwaka huko Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai. Mabaharia waliyajua haya na wakarekebisha hisabu zao kila kizazi, kwa kuwa walikuwa wakiitazama pepo yenyewe. Lakini mnajimu anakili chuo cha babu yake, na babu naye alinakili cha mwingine, na chuo kikisema siku ya sabini ya Nairuzi ni ya mvua, hufuata tu. Masika hayanakili chuo. Yeye yuko katika karatasi ya miaka mia mbili, na mawingu yako mbele yake siku khamsini!

Msomaji asidhani ya kuwa huu ni ujinga wa watu weusi, au wa Waislamu peke yao. Ulaya katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba ilizama katika jambo hili kuliko sisi. Uingereza katika miaka ya 1660 takuwimu za nyota zilikuwa zikiuzwa kiasi cha nakala 400,000 kwa mwaka, nazo zilikuwa kama vyuo vyetu vile vile: huku siku za masoko na hisabu ya mwezi, huku utabiri wa mvua, maradhi na vita, vyote katika jalada moja. Mwaka 1499 mwanafalaki Mjerumani jina lake Johannes Stöffler alichapisha takuwimu akaonyesha ya kuwa mwezi wa Februari 1524 sayari zitakutana mara nyingi katika buruji ya Hutu, yaani Samaki, ambayo kwao ni buruji ya maji. Watu wakafasiri ya kuwa itakuja gharika kama ya Nabii Nuhu. Vikaandikwa vijitabu zaidi ya mia juu ya habari hiyo, na khofu ikaenea miji hata miji. Sayari zilikutana kama alivyohesabu, kwani hisabu ilikuwa sahihi. Februari ikaja, gharika haikuja.

Na asili ya kauli ile ya kuwa sayari zikikutana hutokea mabadiliko makuu duniani ilitoka wapi? Mmoja wa walioieneza zaidi ni Abu Maashar wa Balkh, aliyekufa mwaka 886. Kitabu chake cha mikutano ya sayari kilifasiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Augsburg mwaka 1489, yaani miaka kumi tu kabla ya takuwimu ya Stöffler. Jina la Abu Maashar ndilo hilo hilo lililobandikwa juu ya chuo ambacho waganga wengi wa pwani hii hukifungua mbele ya wateja wao. Basi khofu ya Wajerumani na khofu ya mama wa Kisauni aambiwaye asimpeleke mwanawe chuoni katika siku za nge ni matawi ya mti mmoja.

Waislamu tulikwisha kuonywa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya hao. Mwaka 582 wa Hijra, nao ni 1186 wa Masihi, sayari zilikusanyika katika buruji ya Mizani, ambayo wao huihesabu ni ya upepo. Wanajimu wa nchi nyingi wakaafikiana ya kuwa itavuma pepo ya kuangamiza watu kama ile ya kaumu ya Adi. Wako waliochimba mapango wakaweka chakula na maji. Ibn Athir ameihifadhi habari hiyo katika tarehe yake: siku ikafika, na upepo haukutikisa kitu, hata wakulima waliokuwa wakingoja upepo wapepete nafaka zao wakakosa wa kupepetea.

Hapa mtu atasema: lakini mara nyingine husibu. Naam, husibu. Kepler, ambaye baadaye alizigundua kanuni za mwendo wa sayari, alipokuwa kijana katika mji wa Graz aliajiriwa kutengeneza takuwimu ya mwaka 1595, akatabiri baridi kali, na fitina za wakulima, na mashambulio ya Waturuki. Yote matatu yakatokea, na jina lake likapaa. Lakini vita na Waturuki vilikuwa vimekwisha kuanza, na wakulima walikuwa wakinung'unika siku nyingi, na nchi ile baridi yake si jambo la kustaajabiwa. Mnajimu husema maneno kumi. Tisa yakipotea husahauliwa, na moja likisibu husimuliwa harusini na matangani kwa miaka ishirini.

Sasa hukumu ya dini. Usiku mmoja huko Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra, mvua ilinyesha, na Mtume (S.A.W.) alipokwisha kuwasalisha watu sala ya alfajiri aliwaelekea akawapa khabari kutoka kwa Mola wake. Maana yake ni kwamba kumepambazuka na waja wawili: yule aliyesema tumepewa mvua kwa fadhila na rehema ya Mungu, huyo amemwamini Mungu na kuikanusha nyota, na yule aliyesema tumepewa mvua na nyota fulani, huyo ameiamini nyota na kumkanusha Mungu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na imo katika Muslim ya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Na alipofariki mtoto wake Ibrahim, jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Lau Mtume angekuwa mtu wa kutaka ukubwa, angenyamaza. Akasimama akawaambia ya kuwa jua na mwezi ni dalili mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kwa neno hilo, katika siku ya huzuni yake mwenyewe, aliufunga mlango ambao wengi wetu twaufungua kila siku.

Wanavyuoni wakubwa wakamfuata. Ibn Sina, aliyeisoma falaki barabara, aliandika risala ya kuubatilisha unajimu. Ibn Khaldun aliuwekea mlango maalumu katika Mukaddima yake akaonyesha udhaifu wake na madhara yake kwa watu. Ibn Kayyim naye alirefusha maneno juu yake. Na hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliipiga vita khurafati ya kila namna kwa lugha ya watu wenyewe. Kwa hivyo asitokee mtu akasema ya kuwa haya tunayoyasema ni mapya.

Lakini sisi ni Mashafii, na Imamu Shafii hakuwa mtu wa kukurupuka. Katika kitabu chake Al-Umm ameeleza ya kuwa mwenye kusema tumepata mvua kwa nyota fulani, akikusudia kuwa nyota ndiyo iliyoileta, huyo ndiye aliyetajwa katika hadithi. Ama akikusudia wakati tu, yaani tumepata mvua katika majira ya nyota fulani, kama mtu asemavyo tumepata mvua mwezi fulani, hilo si ukafiri, ijapokuwa yeye apendelea zaidi maneno mengine. Tafadhali msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo litakalomjibu kijana wetu wa Miritini. Kusema masika huja Aprili si kusema Aprili ndiyo iletayo masika.

Basi tumwendee yule mzee aliyemkataza kijana. Heshima yake tunayo, na nia yake twaidhania kheri. Aya aliyoitegemea, ya mwisho wa Sura Lukman, ni haki tupu: hakuna anayeijua ghaibu. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura Al-Aaraf, yatuambia ya kuwa pepo hutumwa mbele ya rehema kama mbashiri, zikabeba mawingu mazito yakapelekwa nchi iliyokufa. Mbashiri ni mtu aletaye habari kabla ya jambo. Aliyemwona mbashiri akasema mgeni aja, amejidai ghaibu gani? Mwanamke wa Likoni akiliona wingu jeusi limepanda toka kusini akaanua nguo zake, hakuna imamu atakayemwambia atubu.

Na watu wa Idara ya Hali ya Hewa wafanya hilo hilo, ila macho yao ni marefu. Jambo hili halikuwezekana mpaka ilipopatikana simu ya waya, kwani mvua haiwezi kutangulizwa habari na farasi. Mwingereza Robert FitzRoy alikusanya kwa simu habari za upepo na mgandamizo wa hewa kutoka pwani mbalimbali za kwao, na mwaka 1861 utabiri wake wa kwanza kwa umma ukachapishwa gazetini. Wakati huo takuwimu za wanajimu zilikuwa zingali zauzwa huko kwa maelfu, na jambo lililomwudhi ni watu kumchanganya na wanajimu hao. Kwetu sisi idara ya serikali ya kazi hii katika Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1929. Na ndugu zetu wa Changamwe hawana haja ya kwenda mbali: katika uwanja wa ndege wa Moi, jirani nao, kuna kituo ambacho mvua na joto na upepo hupimwa na kuandikwa. Hakuna anayeulizwa jina la mama yake.

Na sababu ya vuli zile tano tulizozitaja imejulikana. Katika miaka ya kawaida, pepo za katikati ya bahari ya Hindi husukuma maji ya moto upande wa Indonesia. Baadhi ya miaka pepo hizo hulegea au hugeuka, na maji ya moto hujikusanya upande wetu, mvuke ukazidi, vuli ikafurika, na Indonesia wakapata ukame. Wataalamu waliieleza hali hii mwaka 1999, na miaka yote mitano ilikuwa na hali hiyo. Bahari hupimwa joto lake kwa maboya na kwa vyombo vilivyo angani, na kwa hivyo miezi miwili au mitatu kabla ya vuli waweza kuona alama. Hii ni elimu ya Ibn Majid iliyokua.

Hatusemi hawakosei. Hukosea, na wao wenyewe husema habari yao ni ya dhana iliyo karibu, si ya yakini. Nayo hubadilika kila wapatapo vipimo vipya. Mwisho wa Agosti 2023 idara yetu ilitangaza ya kuwa vuli itakuwa kubwa kuliko kawaida. Oktoba akatoka mkubwa wa nchi akawaambia watu ya kuwa El Niño haitakuja tena. Novemba mvua zikamwagika, watu wengi wakahama nyumba zao katika nchi, na mitaa ya Mombasa ikajaa maji. Aliyezibua mfereji wake Septemba alipata faida. Aliyesikia tangazo la pili akaacha koleo ukutani, na aliyekuwa akingojea chuo, na aliyesema ya mvua hatuingilii, wote watatu walikutana ndani ya maji mamoja.

Turudi kwa ndugu yetu wa Mtongwe, maana yeye ndiye mwenye shamba. Hesabu, ndugu, siku ambazo chuo kitakukataza. Siku saba katika kila mwezi huitwa nuhusi. Mwezi ukiwa katika Akrabu, siku mbili na zaidi, ni siku za nge. Ongeza siku isiyoafikiana na nyota yako, na Jumatano ya mwisho ya mwezi. Karibu nusu ya mwezi imekwenda! Nawe wajua kuliko mimi ya kuwa mvua za mwanzo za masika, mwisho wa Machi au Aprili, zikilainisha ardhi, mahindi yataka yawe yamo ndani ya udongo, si ndani ya kikapu. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, na mbegu iliyochelewa hukutana na maji ikiwa ingali changa ikaoza. Hasara hiyo hatailipa aliyekufungulia chuo, na fedha yake alikwisha kuipokea.

Jibu letu kwako basi ni kwamba haifai kumwendea. Mwongo ujue, kwani ni hisabu ya wazee wako, lakini uongezee ile robo ya siku waliyoiacha. Tazama pepo inapogeuka, sikiliza habari za hewa za juma lile, panda mvua itakapokolea, useme inshallah. Seyidna Ali (R.A.) alipokuwa akitoka kwenda Nahrawan mnajimu alimwambia saa ile si njema, akitoka atashindwa. Akamtegemea Mungu akatoka saa ile ile, akashinda.

Na kwa kijana wa Miritini: sikiliza redio yako, na mwambie mzee wetu kwa adabu ya kuwa Imamu wake Shafii amekwisha kulitolea maelezo. Mvua zikichelewa, dini imetuwekea njia yake, nayo ni toba, na sadaka, na saumu, na kutoka uwanjani na watoto na wazee na wanyama kumwomba Mola. Namna ya sala hiyo, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoigeuza shuka yake mabegani, tutaisoma katika darsa ijayo baada ya Magharibi, inshallah. Mwenye chuo cha falaki nyumbani na aje nacho, tupate kuzitenga kurasa zake.